Ubao Uleule, Mguu Mwingine: Mwongozo wa Kupita Njia Nyembamba za Juu

Chukua chaki. Chora sakafuni mistari miwili iliyoachana sentimita 20, urefu wa hatua sita au saba, kisha pita katikati yake. Utapita huku unaongea na simu, pengine hata ukiwa na ndoo ya maji mkononi. Sasa chukua ubao wa upana huohuo, uulaze ghorofa ya pili ya nyumba inayojengwa, kutoka ukuta huu hadi ule. Upana haujapungua hata unywele. Miguu ni ileile. Lakini magoti yanakuwa mazito, mikono inanyanyuka yenyewe, na hatua saba zinageuka kumi na tano.

Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, aliliona jambo hili zamani: mtu hukimbia bila shida juu ya gogo lililolala njiani, lakini gogo hilohilo likiwa daraja juu ya shimo refu, hatalipita ila kwa kunyatia. Yeye alitumia mfano huo kuonyesha namna fikra inavyoutawala mwili. Watafiti wa leo wameongeza kwamba fikra haiko peke yake. Macho nayo yana lao, na ubao wenyewe una lake.

Mimi nililijua hilo nikiwa saidia fundi, siku ya tatu kazini, na karai la udongo wa kujengea mikononi. Katikati ya ubao miguu iligoma. Fundi mkuu hakuniambia nijikaze kiume. Alisema, “Kaa chini kwanza, kijana wangu. Shika ubao.” Nilipokwisha kushuka alichukua mbao mbili nyingine, akazipigilia kando ya ule wa kwanza, akafunga mrunda mmoja ubavuni uwe reli. “Haya, pita sasa.” Nikapita. Moyo wangu ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni njia.

Hiyo ndiyo kanuni ya mwongozo huu: tengeneza njia kwanza, mguu baadaye. Umeandikwa kwa ajili ya saidia fundi, mpaka rangi, mwenye nyumba anayepanda kukagua lenta zake, mkulima anayevuka mto kwenye gogo, na abiria anayepandia mashua kwa ubao.

## Kwa nini juu si kama chini

Ukielewa sababu hizi nne, hatua zitakazofuata hutahitaji kuzikariri.

1. Shahidi mmoja anapunguza sauti. Ili usimame wima, ubongo husikiliza mashahidi watatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo. Hakuna mtu anayesimama tuli kabisa; sote tunayumba kidogo kila sekunde, na ubongo unarekebisha. Macho hugundua kuyumba huko kwa kuona vitu vya karibu vikihama kidogo. Ukiwa na ukuta mita 1 mbele yako, kichwa kikienda pembeni sentimita 2 jicho linauona ukuta ukihama kwa pembe ya digrii moja hivi. Kitu cha karibu zaidi kikiwa mita 20, kuyumba kulekule kunaonekana kidogo mara 20. Jicho haliambiwi kitu, hivyo mwili unayumba zaidi kabla haujajirekebisha. Mwanasayansi wa Ujerumani Thomas Brandt na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1980. Kwa hiyo kile kizunguzungu cha juu kina sehemu isiyohusiana kabisa na woga. Hata jasiri kinampata.

2. Ubao unakutosha, lakini haukubakizii akiba. Unapotembea ardhini na mwili ukaelemea kulia, unachofanya bila kufikiri ni kutua mguu unaofuata kulia zaidi. Hiyo ndiyo silaha kuu ya mtembeaji dhidi ya kuangukia ubavuni. Kwenye ubao wa sentimita 20 unanyang'anywa silaha hiyo, kwa sababu hapo pembeni pa kutua mguu ni hewa. Unabaki na silaha ndogo: kukunja kifundo cha mguu, kuzungusha nyonga, kupunga mikono. Zinafaa kwa kosa dogo. Kwa kosa kubwa hazifai.

3. Hofu inakaza pasipotakiwa. Mtu akiwa juu, misuli ya vifundo vya miguu hukakamaa, mwili huegemea nyuma kidogo kukimbia ukingo, hatua hufupika, na muda wa kusimama na miguu yote miwili chini huongezeka. Mwili unajilinda. Tatizo linakuja pale mtu anapoanza kuiamuru miguu yake kwa akili, hatua baada ya hatua. Kutembea ni kazi ambayo miguu inaijua tangu utotoni. Ukiisimamia kama msimamizi wa saiti, inaanza kukosea.

4. Ubao unacheza. Mbao nyembamba iliyotandazwa mbali na vihimili vyake hunesa. Inaponesa, nyayo zinapeleka habari za uongo kwenye ubongo, na shahidi wa tatu naye anaharibika. Hapo macho yamedhoofika, nyayo zinadanganywa, na unabaki na sikio la ndani peke yake.

> SANDUKU: Si wewe peke yako
> Uchunguzi uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba asilimia 28 ya watu wazima wamewahi kusumbuliwa na kuona kimo: kutetemeka magoti, kizunguzungu, hisia kwamba watadondoka. Wengi wao si wagonjwa. Mtu anayekuambia kwamba “hapa juu siwezi” anakupa taarifa ya kazi. Mpangie kazi nyingine au mtengenezee njia. Kumcheka hakujawahi kuongeza upana wa ubao.

## Sehemu ya kwanza: Tengeneza njia

Kazi hii inafanyika kabla mguu haujagusa ubao. Fuata mpangilio huu.

1. Uliza kama lazima kupita juu. Kazi nyingi za juu zinaweza kufanyikia chini: kukata mbao, kusuka nondo za lenta, kupaka rangi ya kwanza ya fremu. Vitu vinaweza kuvutwa kwa kamba na kapi badala ya kubebwa. Ubao ulio salama kuliko wote ni ule usioupita.

2. Chagua mbao inayofaa. Mbao za inchi moja zinazotumika kukingia zege si za kukanyagwa juu. Zinanesa na kukatika. Tumia mbao nene. Ichunguze pande zote mbili: nyufa ndefu zinazofuata nyuzi, mafundo makubwa ukingoni, alama za kuoza, matundu ya misumari yaliyokusanyika mahali pamoja. Mbao iliyopakwa rangi ikataliwe, maana rangi huficha ufa.

3. Punguza mwanya kati ya vihimili. Kwa mbao ya jukwaa yenye unene wa milimita 38, vihimili visiachane zaidi ya mita 1.5. Ukiona mbao inabonyea katikati unapoikanyaga karibu na ardhi, ongeza kihimili. Usijitetee kwa kusema wewe ni mwepesi.

4. Acha ncha ya kutosha, isizidi. Ncha ya mbao ipite kihimili cha mwisho kwa sentimita 15 hivi. Ikiwa fupi mno, mbao inaweza kuchomoka. Ikiwa ndefu sana, inakuwa mtego: ukikanyaga ncha hiyo, upande wa pili unanyanyuka kama pembea ya watoto na wewe unashuka nayo.

5. Funga. Pigilia misumari au funga kwa waya wa nondo au kamba imara, ncha zote mbili. Mbao iliyolazwa tu huteleza taratibu kila inapopitwa, na mtu wa kumi ndiye anayelipa.

6. Panua. Weka mbao mbili, tatu, bila mwanya wa kuingiza mguu kati yake. Kanuni za Marekani zinataka njia na majukwaa ya kazi ya skafoldi yawe na upana usiopungua sentimita 46. Mbao tatu za inchi nane zinakupa karibu sentimita 60. Hapo umejirudishia ile akiba ya kutua mguu pembeni.

7. Weka reli. Nchini Uingereza reli ya juu kwenye jukwaa la ujenzi huwa na kimo kisichopungua sentimita 95 kutoka pale unapokanyaga, na mwanya kati ya reli na reli hauzidi sentimita 47, ili mtu asipenye katikati. Mirunda iliyofungwa vizuri inaweza kufanya kazi hiyo. Chini, ukingoni mwa jukwaa, pigilia ubao uliosimamishwa wima ili nyundo isidondoke kichwani mwa mtu.

8. Safisha. Udongo uliomwagika, maji, mchanga mkavu, vipande vya nondo, mafuta ya kupaka mbao za zege. Mchanga mkavu juu ya mbao hufanya kazi kama punje za mtama chini ya kiatu.

Reli ina faida mbili, na ya pili wengi hawaijui. Ya kwanza ni kukuzuia usidondoke. Ya pili ni kukupa shahidi wa nne. Watafiti John Jeka na James Lackner walionyesha mwaka 1994 kwamba kugusa kitu kisichotikisika kwa ncha ya kidole tu, kwa nguvu isiyofika uzito wa gramu 100, kunapunguza kuyumba kwa kiasi kikubwa. Kidole hakikubebi, kinakupa habari. Vilevile, reli iliyo karibu inalipa jicho kitu cha karibu cha kutazama. Kwa hiyo hata fundi mzoefu anayejigamba kwamba reli ni ya waoga, mwili wake unaitumia.

> ONYO: Vitu ambavyo si njia
> Usigeuze ngazi iliyolazwa kuwa daraja. Usitembee juu ya lenta mbichi au juu ya ukuta wa tofali moja. Usipange matofali makavu yawe kihimili cha mbao. Usiegemeze njia kwenye dirisha, bomba la maji au waya wa umeme. Na kama kuna waya wa umeme unaofikiwa kwa mkono au kwa nondo uliyobeba, kazi isimame mpaka wenye mamlaka ya umeme waje.

## Sehemu ya pili: Jikague wewe

Njia ikishakuwa sawa, jiulize kama leo mwili wako ni wa kupanda.

- Umelala? Umekula? Umekunywa maji? Njaa na kiu huleta kizunguzungu. Kama umefunga, panga kazi za juu ziwe asubuhi mapema, na alasiri ufanye za chini.
- Dawa. Dawa nyingi za mafua na mzio huleta usingizi. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hukufanya uone giza unapoinuka ghafla. Muulize mfamasia.
- Pombe. Hata ya jana usiku. Pombe huvuruga sikio la ndani na sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo.
- Kisukari. Kikikaa muda mrefu kinaweza kuua hisia za nyayo. Mtu asiyehisi kijiwe ndani ya kiatu asipite ubao mwembamba.
- Miwani. Yenye sehemu ya kusomea chini hufanya ubao ulio miguuni uonekane kwa ukungu. Tumia ya kuonea mbali.
- Viatu. Ndala na kandambili zinageuka mguuni. Gambuti lililo kubwa kuliko mguu linachelewa kufika. Vaa kiatu kinachobana kisigino, chenye soli inayoshika na isiyo nene mno, ili nyayo zihisi ukingo wa mbao. Funga kamba za viatu, kunja suruali inayoburuta. Dada au mama anayevaa kanga au dera juu ya suruali aifunge vizuri, isinase kwenye msumari.

Jaribio la dakika moja, ardhini. Simama kando ya ukuta, mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Hesabu sekunde 10 bila kushika. Kisha tembea hatua 10 kwenye mstari wa chaki kwa namna hiyohiyo. Ukishindwa hapo chini, juu hutafanya vizuri zaidi. Ukifaulu, hujapewa kibali. Umejua tu kwamba mashahidi wako watatu wako kazini leo.

## Sehemu ya tatu: Namna ya kupita

1. Simama mwanzoni. Weka miguu yote miwili kwenye sehemu imara. Vuta pumzi, itoe polepole. Mtu anayeingia kwenye ubao akiwa bado anajibizana na mwenzake ameshapoteza nusu ya akili yake.

2. Tazama njia nzima mara moja. Wapi imefungwa, wapi kuna kiungo, wapi imelowa. Ukaguzi wa chini ufanyike sasa, usiufanyie katikati.

3. Chagua pa kuweka macho. Tafuta kitu kisichotembea upande wa pili, usawa wa macho au chini yake kidogo: kona ya ukuta, kichwa cha msumari, ncha ya mbao. Shuka na macho kwa haraka hatua mbili tatu mbele, kisha urudi pale. Usitazame vidole vyako na usitazame chini kabisa. Usitazame vinavyotembea: mawingu, mzigo unaoning'inia kwenye winchi, magari ya barabarani. Vitu hivyo vikitembea, ubongo unaweza kudhani ni wewe unayetembea, ukakusahihisha kwa kosa lisilokuwepo.

4. Legeza magoti. Yakunje kidogo, ushushe uzito wako karibu na ubao. Mabega yashuke. Kama meno yako yamekazana, na vifundo vya miguu navyo vimekazana.

5. Gusa reli. Kidole au kiganja kiteleze juu yake. Usiining'inie, usiikamate mpaka mkono ubaki nyuma.

6. Tua mguu mzima. Nyayo ziweke katikati ya ubao, vidole vikitazama mbele. Usichote kwa kisigino wala usinyatie kwa vidole.

7. Mwendo wa wastani usiokatika. Haraka inakunyima muda wa kujirekebisha. Kusitasita nako kuna hatari yake: ukisimama mguu mmoja ukiwa hewani, uko kwenye hali dhaifu kuliko zote. Kama unataka kusimama, simama miguu yote miwili ikiwa chini.

8. Mtu mmoja kwa ubao mmoja. Hatua za mwenzako zinanesesha ubao kwa mdundo usioutarajia. Subiri ashuke. Usipishane na mtu kwenye njia ya mbao moja, hata kama ni fundi mkuu anakuita.

9. Maliza vizuri. Hatua mbili za mwisho ndizo watu wanazoharakisha. Tembea mpaka miguu yote iwe kwenye sehemu imara, ndipo ugeuke, ndipo uongee.

### Ukiganda katikati

Kuganda humpata yeyote. Fanya hivi:

1. Acha kutembea, miguu yote chini. Piga kelele “Mlio chini, jihadharini!”, kisha tua au achia mzigo ukishahakikisha hakuna mtu chini.
2. Chutama, kisha kaa. Ukiweza, kaa ubao ukiwa katikati ya mapaja kama uliyepanda punda. Kukaa kunashusha uzito na kumpumzisha shahidi wa macho.
3. Shika ubao kwa mikono miwili. Tazama ubao mbele ya mikono yako. Hicho ndicho kitu cha karibu kisichotembea.
4. Pumua nje kwa kirefu mara tano sita.
5. Jisogeze ukiwa umekaa, kuelekea upande ulio karibu. Hakuna aibu. Aibu haina kimo, kuanguka kunacho.

Wenzako wasikukimbilie juu ya ubao huohuo. Mmoja aongee nawe kwa sauti ya kawaida kutoka upande imara, wengine waandae kamba au mbao ya pili.

## Sehemu ya nne: Ukibeba mzigo

Zege lina uzito wa takribani kilo 2,400 kwa mita ya ujazo. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 48, karibu sawa na mfuko mzima wa saruji. Ukiibeba kwa mkono mmoja kwenye ubao mwembamba, umejifunga jiwe ubavuni na kuomba usielemee.

- Kichwani: mzigo unainua kitovu cha uzito, hivyo mwili unakuwa kama nguzo ndefu yenye kichwa kizito. Anayebeba karai kichwani asipewe njia yenye upana chini ya mbao tatu. Asijaze pomoni, na mkono mmoja ubaki huru kwa reli.
- Mkononi: gawa ndoo moja iliyojaa ziwe mbili nusu, kila mkono na yake, pale tu njia ni pana na ina reli pande zote.
- Kifuani: karai linaloshikwa mbele linakuzuia kuona ubao. Libebe chini ya kifua, au lipitishe kwa mkono kutoka kwa mtu hadi mtu waliosimama sehemu imara. Msururu wa watu wanne waliosimama ni salama kuliko mmoja anayetembea.
- Bati na ubao wa dari: upepo ukivuma, bati linakuwa tanga, na wewe ndiye mlingoti. Siku ya upepo usivuke nalo.
- Toroli: halipiti kwenye mbao moja. Kamwe.

## Njia nyingine nyembamba

Gogo la kuvukia mto. Ondoa magamba na ukungu, chonga upande wa juu uwe bapa, na funga kamba ya kushika kutoka mti hadi mti. Usitazame maji yanayopita chini yako; yanakuvuta upande yanakokwenda. Kaza macho kwenye ukingo wa pili. Mvua ikinyesha na mto ukifura, tafuta daraja jingine, hata kama ni mwendo wa saa nzima.

Ubao wa mashua. Hapa ncha moja iko kwenye gati na nyingine kwenye chombo kinachopanda na kushuka na maji. Subiri chombo kitulie kati ya mawimbi mawili, mabaharia wakishikilia ubao, kisha pita bila kusimama. Mkabidhi baharia mzigo kwanza. Mtoto mdogo ashikwe na mtu mzima ambaye mkono wake wa pili uko huru.

Daraja la kamba. Kwenye njia za juu ya miti, kama ile ya mita 370 Ziwa Manyara au ile ya mita 160 msitu wa Nyungwe nchini Rwanda, una kamba pande zote mbili. Tatizo ni kutikisika. Heshimu idadi ya watu walioruhusiwa, achianeni nafasi, na msipige hatua kwa pamoja kama gwaride. Daraja la waenda kwa miguu la Millennium jijini London lilifungwa siku mbili tu baada ya kufunguliwa Juni 2000 kwa sababu lilipoyumba kidogo watu walianza kutembea kwa kulifuata, wakaliyumbisha zaidi. Likianza kuyumba, simama, shika kamba, subiri litulie.

## Makosa yanayorudiwa

| Kosa | Kwa nini ni hatari | Badala yake |
|---|---|---|
| “Nimezoea, sihitaji reli” | Mazoea hupunguza hofu. Hayaongezi upana wa ubao | Reli kwa wote |
| Kutazama miguu | Kichwa kinainama, uzito unakwenda mbele | Tazama mwisho wa njia |
| Kukimbia “ili niwahi kumaliza” | Kosa dogo linakuwa kubwa kabla ya kurekebishwa | Mwendo wa wastani |
| Kushika kamba au waya uliolegea | Kitu kinachotikisika hudanganya mkono | Gusa kilichofungwa tu |
| Kumtania aliye juu | Akili yake inaondoka njiani | Nyamazeni mpaka ashuke |
| Kupita jioni giza likiingia | Macho, ambayo yameshadhoofika, yanazimwa kabisa | Taa, au kesho |

> SANDUKU: Haki na wajibu kazini
> Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, OSHA. Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote zinamtwika mwajiri wajibu wa kuhakikisha mahali pa kazi ni salama. Sheria ya Kenya inamtaka pia mfanyakazi anayeona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake mara moja, na mwajiri hawezi kumlazimisha arudi pale kabla hatari haijaondolewa. Mwenye nyumba, usijifiche nyuma ya fundi: bei ya mbao mbili za ziada na mirunda michache iwemo kwenye bajeti yako tangu mwanzo.

> SANDUKU: Mtu akianguka
> Usimnyanyue kwa mikono na miguu. Usimpakie kwenye bodaboda. Mwache alivyo, mtu mmoja ashike kichwa chake kisigeuke, mfunikeni apate joto, zuieni damu kwa kukandamiza kitambaa safi, itisheni gari la wagonjwa. Mnyanyueni pale tu mahali penyewe pana hatari nyingine, kwa mfano ukuta unaotaka kuanguka. Hata akiinuka mwenyewe na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali akapimwe.

## Orodha ya mwisho: isome ukiwa mwanzoni mwa ubao

☐ Hakuna namna ya kuifanya kazi hii chini.
☐ Mbao ni nene, haina ufa, haijapakwa rangi.
☐ Imefungwa ncha zote mbili.
☐ Haibonyei ninapoikanyaga.
☐ Upana ni mbao mbili au zaidi. Tatu kama nina mzigo.
☐ Reli ipo na haitikisiki.
☐ Njia ni kavu na safi.
☐ Kiatu kimebana, kamba zimefungwa.
☐ Nimekula, nimekunywa maji, sijanywa kinacholevya.
☐ Najua macho yangu yatatua wapi.
☐ Hakuna mwingine juu ya ubao.

Kisanduku kimoja kikibaki kitupu, usipande. Mwite fundi na umwonyeshe ni kipi. Yule wangu alikuwa na jibu moja kwa kila kisanduku kitupu: aliinama, akachukua mbao nyingine na misumari.